Kila Abiria Awe na Pamba

Jumatano, 14 Aprili 1954

Mvua, siku ya tisa. Daraja la njia ya Mpanda limechukuliwa na maji. Lori la kaka Selemani limekwama ng'ambo na magunia arobaini ya chumvi. Kaka amekaa dukani ametega sikio. Nadhani anaisikia chumvi ikiyeyuka kutoka huku mjini Mazwi.

Msiba wa kaka, neema yangu. Kwaya ya vijana wa misheni ilikuwa iende Tabora, kwa lori kisha kwa gari moshi, kwenye mashindano ya kwaya za Jimbo zima la Magharibi. Sasa njia hakuna. Serikali imekubali kuleta ndege. Ndege! Kwa watoto ishirini na sita ambao wengi wao hata hilo gari moshi hawajaliona.

Mkutano bomani mchana. Zenon, karani wa boma, aliuliza nani katika mji huu amewahi kupanda ndege, maana anatakiwa mtu wa kuwaandaa abiria: kuwaorodhesha, kuwapima, kuwapanga. Mwalimu Modesti, anayeifundisha kwaya, akatazama viatu vyake. Nikasimama. Nikasema mimi, Lukmani, Tabora, mwaka 1949.

Ukweli ni kwamba mwaka 1949 niliiona ndege Tabora kupitia ua wa seng'enge. Lakini niliiona kwa karibu mno, na upepo wake ulinivua kofia. Mtu aliyevuliwa kofia na ndege si mgeni wa ndege.

Nimeteuliwa Msimamizi wa Abiria. Nimemweleza mke wangu Kulsumu. Ameuliza jambo moja tu: msimamizi naye anapanda, au anabaki chini kuwapungia wenzake mkono? Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa silifikirii jingine.

Alhamisi, 15 Aprili

Zenon kanipa karatasi ya masharti. Nimeisoma mara nne. Viti ishirini na nane. Watoto ishirini na sita, Mwalimu Modesti mmoja, jumla ishirini na saba. Kinabaki kiti kimoja. Kiti hicho ni changu, bado kuandikwa tu.

Tatizo ni uzito. Kiwanja chetu kiko nyanda za juu, nyasi zimelowa, na ndege haiwezi kuruka hapa na zaidi ya ratili elfu tatu, watu pamoja na mizigo yao. Kila abiria atapimwa kama gunia. Uzito ukizidi, wanaozidisha wanabaki.

Nimemwambia Zenon aniachie mimi, sisi ni watu wa mizani tangu enzi za marehemu baba. Nimemwomba pia aniandike kwenye kiti cha ishirini na nane, kwa sababu abiria wengi namna ile kuwa angani bila msimamizi ni hatari. Aliuliza hatari gani. Nikamjibu kwamba asiyewahi kupanda hawezi kuelewa. Ameandika.

Mwalimu Modesti amesikia. Amesema kwa upole kwamba yeye amewasimamia watoto hao miaka mitatu na hakuna aliyepotea. Upole wa mtu yule unaniudhi kuliko matusi.

Jumamosi, 17 Aprili

Leo nimewapima watoto wote mbele ya duka. Tuna mizani mbili. Ya kununulia ulezi wa wakulima iko barazani, ya kuuzia sukari na chumvi iko ndani. Kaka haruhusu zibadilishane mahali. Mimi ni mdogo, siulizi. Nilitumia ile ya barazani kwa kuwa ndiyo mtu anaweza kusimama juu yake.

Kazi ilikwenda vizuri sana. Kalisti, mwenye sauti nzito kuliko wote na miguu mikubwa kuliko ya mwalimu wake, alitoa ratili 118. Baba yake, mzee Adolfu, alikuwa amesimama pale na kikapu chake. Akashangaa. Alisema kijana huyu anakula sahani za watu watatu, sasa huo uzito unakwenda wapi. Nikamwambia unakwenda kwenye sauti. Akaridhika.

Mwepesi kuliko wote ni Bertilla wa Milepa, ana miaka kumi na mmoja. Ratili 55. Yeye ndiye anayeuanza ule wimbo mkubwa peke yake kabla wenzake hawajaitikia. Sijui sauti ile inakaa wapi ndani ya ratili 55.

Modesti alikataa kuvua koti. Nikampima na koti lake, nikaandika pembeni: na koti.

Jumla ya wote, pamoja na ngoma mbili, mabunda ya nguo na mimi mwenyewe: 2,880. Zimebaki ratili mia na ishirini! Nilimwonyesha kaka hesabu. Aliniuliza nimetumia mizani ipi. Nikamwambia ya barazani. Akachungulia barazani, kisha akasema ni vizuri, ila nisiwe naitangaza sana habari hiyo. Kaka ni mtu wa wivu wakati mwingine.

Jumatatu, 19 Aprili

Wakristo wamemaliza Pasaka yao. Asubuhi Zenon aliniita bomani. Kampuni ya ndege imeleta simu ya maandishi. Nainakili hapa kama ilivyo, kwa ajili ya wajukuu zangu:

NDEGE ALHAMISI SAA NNE. ABIRIA WAFIKE SAA MBILI. KILA ABIRIA AWE NA PAMBA.

Nikaitisha wazazi uwanjani pale misheni, nikaisoma kwa sauti. Nikawafafanulia. Pamba ni chakula cha njiani, kila mtu anajua, hakuna mzazi anayemtoa mtoto nyumbani bila kumfungia pamba. Na angani njaa inauma mara mbili, kwa sababu ya baridi. Nikasema mwaka 1949 nilimwona bwana mmoja mnene akizimia kwa njaa juu ya mawingu. Akina mama wakashika vifua.

Modesti akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Akauliza kama pengine hiyo si pamba ile nyeupe, ya hospitali. Nikamuuliza na mimi: abiria wanakwenda kuimba au kufungwa vidonda? Wazazi wakacheka sana. Modesti akakaa, macho chini. Siku nzuri kabisa.

Nimewaambia pamba ya kila mtoto isizidi ratili nne. Ishirini na sita mara nne ni mia na nne, na sisi tuna nafasi ya mia na ishirini. Hesabu safi. Wazazi wote wameitikia kwa vichwa.

Jioni Kulsumu alikuwa anachambua mchele. Akasema, baba Hamisa, watu hawa wanampima mtoto kama gunia halafu wanasisitiza aje na chakula, wewe huoni ajabu? Nikamwambia mambo ya angani hayapimwi kwa akili za jikoni. Ameendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 21 Aprili

Mazoezi ya kupanda ndege. Nilipanga mabenchi ya darasa uwanjani, mawili mawili, na njia katikati. Nikamfanya Kalisti kuwa mlango. Kila mtoto anaitwa jina, anasimama juu ya jiwe (mizani), anasema uzito wake kwa sauti, anapita chini ya mkono wa Kalisti, anakaa. Mimi nilikuwa injini. Mara ya kwanza waliingia wote kwa pamoja, na mlango ukaanguka. Mara ya pili walinisahau mimi nje. Mara ya tatu safi. Modesti alitazama akiwa ameegemea nguzo ya kengele, mikono nyuma. Nadhani alivutiwa.

Wazazi wa mbali wameanza kufika. Mama yake Bertilla, Cornelia, amepanda mlima kutoka Milepa siku mbili kwa miguu kuja kumuaga mwanawe. Kichwani kapu la samaki wakavu wa Rukwa. Mkononi viatu vya mtoto vya kuazima, vimefungwa kwenye majani visichafuke. Nilimuuliza kama lile kapu lina ratili nne. Alisema yeye hana mizani, amepima kwa tumbo la mwanawe. Tena na wenyeji wa Tabora wataonja nini, mtoto akienda mikono mitupu?

Alasiri Bertilla alinifuata dukani. Akanipa shikamoo, akapiga goti. Alikuwa na maswali matatu, ameyahesabu kwa vidole. Je, ndege inapigapiga mabawa? Je, Milepa inaonekana kutoka juu? Na je, mwaka ule wa 1949 mimi niliogopa?

Nikamjibu hapana, ndiyo, na hapana.

Akashusha pumzi. Akasema yeye alikuwa anaogopa mpaka tumbo linamuuma, na mama yake naye anaogopa ila hasemi. Lakini kwa kuwa nitakuwemo mle ndani na nimeshazoea, basi yeye haogopi tena. Akaondoka anarukaruka.

Sijaweza kunywa chai yangu. Katika mji huu hakuna anayeniamini hivyo, hata mama yangu mzazi. Mtoto wa watu ameweka tumbo lake lote juu ya ua wa seng'enge.

Alhamisi, 22 Aprili

Nitaandika yote. Shajara ni yangu, hakuna atakayeisoma.

Saa moja niko kiwanjani. Nimevaa koti, kanzu mpya, orodha mkononi. Mvua imekata. Mji mzima umekuja, hata wagonjwa wa hospitali wenye uwezo wa kutembea. Na katikati ya nyasi, kilima. Ndiyo pamba. Unga wa ulezi kwenye vifuko, viazi vitamu, karanga, maharage yaliyopikwa, vibuyu vya asali, samaki wa Milepa na wa Kaoze, kuku watano. Watatu wa kukaanga. Wawili walikuwa hai, wamefungwa miguu, wanamtazama kila apitaye. Hakuna pamba hata moja ya ratili nne. Wazazi walioitikia kwa vichwa walikuwa wanasalimia tu, kumbe.

Na watoto wenyewe! Niliwapima Jumamosi wakiwa na shati moja. Leo wamevishwa masweta matatu matatu na mablanketi, kwa sababu nilisema angani kuna baridi. Bertilla alionekana pua tu.

Saa nne kasorobo ndege ikatua. Sitasema jinsi ilivyokuwa. Nilisahau kuwapanga watoto.

Akashuka karani wa kampuni, kijana wa pwani anaitwa Huseni, na mizani yake ya chuma. Akasalimu vizuri, akaniuliza ule mlima ni wa nini. Nikamwambia ni pamba, kama mlivyoagiza. Akanitazama. Akautazama mlima. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa bunda la karatasi ya buluu, akanyofoa kitu cheupe, akakigawanya, akajiziba sikio la kulia na la kushoto. Akaonyesha injini kwa kidole, akafanya mdomo wa kelele.

Pamba. Ya masikio.

Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya ndege. Akamweleza rubani kwa Kiingereza, naye mzungu akacheka mpaka akavua kofia. Modesti hakucheka. Alikohoa tu. Kikohozi kile nitakikumbuka mpaka siku ya kufa kwangu.

Pamba zote zikabaki. Masweta yakavuliwa, mablanketi yakarudishwa. Nikasema haidhuru, hesabu zangu za Jumamosi zipo. Nikampa Huseni orodha kwa mikono miwili.

Akaanza na Kalisti. Ratili 130.

Nikamwambia mizani yake imeharibika njiani kwa mtikisiko. Huseni hakubishana. Akatoa jiwe la chuma lenye alama ya ratili 56, akaliweka juu. Mizani ikasema 56. Akaita mwingine. Kila mtoto alizidi. Bertilla 60. Modesti 150, bila koti. Mzee Adolfu akasogea, akainama kusoma namba, akahesabu kwa vidole. Akanitazama mimi. Kisha akamtafuta kaka Selemani kwa macho. Wazazi wengine nao wakaanza kuhesabu kwa vidole. Kaka, aliyekuwa mstari wa mbele amefunga mikono, alikumbuka kitu dukani. Alikwenda haraka kwa mtu wa umri wake.

Mwisho nikapanda mimi. 165! Nikavua koti na mkanda na viatu, nikatoa pumzi zote. 163.

Jumla 3,163.

Rubani akatikisa kichwa. Huseni akasema ngoma haziwezi kubaki, kwaya bila ngoma ni nini. Mwalimu hawezi kubaki. Basi, mtu mzima mmoja huyu, au watoto watatu wadogo. Akaniuliza kazi yangu ndani ya ndege ni ipi hasa. Nikasema msimamizi. Akanipa penseli. Akasema vizuri, simamia.

Naandika ukweli. Niliandika majina matatu. Niliwaza: ni wadogo, miaka yao ipo mingi, mimi nina thelathini na sita na daraja halivunjiki kila mwaka. La kwanza niliandika Bertilla, kwa sababu alikuwa amesimama karibu.

Hakulia. Nilitegemea alie, ningemkasirikia. Alikwenda pembeni akavua viatu vya kuazima. Akavua kitambaa cha kichwa. Akatoa kitu mfukoni, karanga kama sita, akamkabidhi mwenzake. Akarudi kwenye mizani, akamwomba Huseni ampime tena, pengine sasa amepungua. Akasimama amenyoosha mikono juu, kwamba mikono ikiwa juu haihesabiwi. Macho amefumba.

Mama yake alikuwa nyuma ya kamba na kapu lake la samaki. Siku mbili amepanda mlima.

Nikafuta majina kwa kidole gumba. Nilifuta vibaya, karatasi ikachanika. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Bwana Huseni aniwie radhi, nimekumbuka ninazo funguo za duka, kaka hawezi kufungua bila mimi, siwezi kusafiri.

Mji mzima unajua funguo za duka zinakaa kiunoni kwa Selemani tangu baba alipofariki. Wote wakageuka kuitazama ndege. Mwalimu Modesti akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kazi. Upole ule ule. Nusura nimpige, nusura nimkumbatie.

Huseni akajumlisha. Elfu tatu kamili.

Wakati wa kupanda, Bertilla alinivuta kanzu. Akauliza mbona sivai viatu, kwani siendi? Nikamwambia sipo safari hii. Nikaona uso wake umeanza kubadilika, hofu inarudi. Nikainama. Nikaona mtoto huyu ananidai ukweli. Nikamwambia yote. Kwamba sijapanda ndege kamwe. Kwamba 1949 nilikuwa nje ya seng'enge, na niliogopa, nilikimbia hata kabla haijaruka. Kwamba yeye akipanda leo atakuwa amenizidi mimi na wazee wote wa Ufipa, na akiogopa si aibu. Sijawahi kusema maneno hayo kwa mtu.

Alinisikiliza ananitazama mdomo. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu tabasamu kubwa, akapiga goti, akapanda ngazi mbio.

Ndipo nilipoona masikio yake. Huseni alikuwa ameshagawa. Pamba huku na huku. Hakusikia hata neno moja.

Iliruka. Ilipita juu ya misheni, ikageuka. Nilipunga mkono mpaka ikawa kama nzi. Nililia kidogo. Si sana.

Wazazi hawakuondoka. Vyakula vilikuwa pale. Tukakaa kwenye nyasi zilizolowa, tukala. Cornelia alinipakulia samaki mwenyewe, kwenye jani, wakubwa wawili. Nikala peku, miguu imelowa, na watu walikuwa wanacheka na kusimuliana ndege ilivyoinua pua. Mzee Adolfu naye alikula na mimi. Alipomaliza akafuta mikono, akasema kesho atapita dukani. Ana jambo dogo la mizani.

Ijumaa, 23 Aprili

Hakuja mmoja, wamekuja kumi na wanne. Mzee Adolfu amebeba jiwe la chuma la ratili 56, ameliazima misheni. Akaliweka kwenye mizani ya barazani. Mizani ikasema 51. Ya ndani ikasema 56.

Kaka akasema mizani ni mzee. Mzee Adolfu akasema ajabu ni kwamba yule aliye ndani hazeeki. Nikaona kaka anatota, nikajitosa kumsaidia. Nikawaeleza kwamba kule kiwanjani ni juu, karibu na mbingu, na kitu kikiwa juu kinakuwa kizito kwa sababu kinataka kuanguka. Mzee Adolfu akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema kiwanja kiko chini kuliko Mazwi, hata maji ya mvua yanajua.

Imeamuliwa mbele ya Zenon kwamba mizani ya barazani iondoke, na ya ndani inunue na kuuza. Kaka ameniangalia mara moja tu leo. Jicho lile ningeweza kukaangia yai. Amenipa kazi ya kupakua magunia mpaka atakaponiambia basi.

Kulsumu ameniletea uji pale kwenye magunia. Amekaa karibu nami juu ya gunia, jambo ambalo halifanyi mbele za watu. Akasema neno moja: funguo. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akanishika bega, akauacha mkono hapo muda mrefu kidogo. Uji ulikuwa na siagi.

Jumatano, 28 Aprili

Wamerudi! Wa pili katika Jimbo zima. Modesti anasema wa kwanza walikuwa wenyeji na majaji walikuwa wajomba zao, lakini alisema kwa upole.

Tulikusanyika misheni kuwapokea. Wakaimba. Bertilla akaanza peke yake, na hata kaka Selemani, ambaye hajasema nami siku tano, aliinamisha uso. Cornelia alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni.

Baadaye watoto walisimulia. Bertilla alisimama juu ya benchi. Alisema Milepa inaonekana, na nyumba ya bibi yake ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Alisema haipigipigi mabawa, na haiumi, na hakuogopa hata kidogo. Akasema yote yalikuwa kama alivyosema Bwana Lukmani. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Lilinichoma hilo. Nilijua siwezi kuishi nalo. Nikaamua palepale: nitasimama, nitasema kweli mbele ya wote, tangu seng'enge mpaka leo. Nikapanga na maneno. Nikajikohoza.

Zenon akaniwahi kusimama. Ana barua. Kwaya imealikwa Kigoma mwezi wa nane, safari itakuwa ya meli kutoka Kipili, na boma linatafuta mtu wa kuwaandaa watoto. Akauliza nani hapa amewahi kusafiri kwa meli ya ziwani. Modesti alinitazama. Kulsumu alinitazama, akatikisa kichwa pole pole, hapana, baba Hamisa, hapana.

Mkono mmoja ukapanda. Nilipoutazama, ulikuwa wangu.

Nimewaambia mwaka 1947, na mawimbi yalikuwa makubwa lakini sikutapika. Kesho naanza kuwafundisha watoto kuogelea. Kwanza nitafute mtu wa kunifundisha mimi.